Bitana ya dohani katika nyumba za zamani za Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Simu huanza kuingia wiki ya pili ya Juni. Jua la Nairobi likishapotea nyuma ya mawingu, mtu hukumbuka kwamba sebuleni kuna meko. Anaagiza kuni, anawasha, na baada ya dakika kumi familia nzima iko barazani ikikohoa. Maswali mengi yaliyo hapa nimeulizwa na watu waliosimama kwenye baraza kama hiyo. Majibu ni ya fundi, si ya mhandisi. Nimeyaokota juu ya mapaa ya Lavington, Karen, Muthaiga, Loresho, na huko Limuru na Tigoni ambako ukungu huja bila kubisha hodi.

Bitana ya dohani ni nini?

Fikiria koti. Kitambaa cha nje ni mawe au matofali unayoyaona ukiwa uani, na bitana ni ule mfereji wa ndani ambamo moshi unapita. Inazuia moshi na gesi zisipenye ukutani, inauacha moshi uwe na joto mpaka utoke juu, na inakinga chokaa iliyo kati ya mawe isiliwe na asidi. Mafundi wengi mjini wanaiita tu "paipu ya ndani". Ukienda hadwea tumia jina hilo, utahudumiwa haraka.

Hapa kwetu utakutana na za namna tatu. Kongwe kabisa ni plasta ya chokaa iliyopakwa ndani ya mfereji. Kule Uingereza mafundi wa zamani walikuwa wakiichanganya na kinyesi cha ng'ombe ili isipasuke kwa joto. Usicheke, maana nyumba za bibi zetu zimesimama kwa dawa hiyo hiyo. Halafu kuna vigae vya udongo uliochomwa, vya mviringo au vya mraba, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ya tatu ni paipu ya stenlesi, ngumu au ile inayopindika, ambayo kwa kawaida imeingizwa miaka ya karibuni.

Nyumba yetu ilijengwa kabla ya uhuru. Nitajuaje kama ina bitana?

Anza kwa kudhani haina. Kanuni za ujenzi za Uingereza zilianza kudai bitana mwaka 1965, na nyumba nyingi za hapa za enzi ya ukoloni zilijengwa kwa mazoea ya huko.

Kisha hakikisha kwa macho. Subiri meko yapoe siku mbili, chukua tochi yenye mwanga mkali na kioo cha kujitazamia, ulaze kioo ndani ya meko kwa pembe na umulike. Ukiona maungio ya mawe na chokaa iliyomomonyoka kama mkate ulioliwa na panya, hakuna bitana, au iliyokuwepo imekwisha. Ukiona mduara safi wenye mistari kila baada ya nusu mita hivi, hivyo ni vigae. Angalia pia sakafu ya meko. Punje za mchanga na vipande vya chokaa vinavyodondoka kila baada ya mvua ni plasta inayoaga.

Dohani nyingi zina kona, na kioo hakioni nyuma ya kona. Hapo tunateremsha kamera ndogo kwa kamba kutoka juu. Fundi akikupa bei ya bitana mpya bila kutazama ndani, mwambie arudi siku nyingine.

Nairobi si Mombasa. Huo unyevu unatoka wapi?

Swali hili nalipenda, kwa sababu wengi wanatazama paa peke yake.

Mvua ni chanzo kimoja, ndiyo. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huingia moja kwa moja kwenye dohani isiyo na kofia, na mawe yetu laini ya volkano hunyonya maji kama sifongo. Lakini chanzo cha pili ni moto wenyewe. Kuni hata zikiwa kavu kabisa zina hidrojeni ndani yake, na zikiungua, kila kilo hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kama mvuke. Choma kilo nane jioni moja, na zaidi ya lita nne za maji zimepanda kwenye dohani yako, bila kuhesabu unyevu uliokuwa ndani ya kuni. Moshi ukikuta ukuta wa baridi, mvuke unageuka kuwa jasho. Jasho hilo likichanganyika na masizi linakuwa kitu cheusi, kichachu, kinachonata.

Chanzo cha tatu ni hewa yenyewe. Julai na Agosti, usiku Nairobi unaposhuka hadi nyuzi 10 au 12 na manyunyu hayaishi, masizi yaliyokauka ukutani hunyonya maji kutoka hewani. Huhitaji hata tone moja la mvua.

Doa la kahawia juu ya meko linarudi kila nikipaka rangi. Paa limerekebishwa mara mbili. Kwa nini?

Kwa sababu si paa.

Mama mmoja wa Kileleshwa alikuwa amepaka rangi ukuta huo mara nne. Nilipofika, doa lilikuwa na umbo la ramani, ukingo wake mweusi zaidi kuliko katikati, na juu yake rangi ilikuwa imevimba vijipele. Nilipokibonyeza kimoja kikatoa maji ya rangi ya chai ya rangi yenye harufu ya nyama choma iliyolala. Nikamuuliza, "Mama, doa hili linalowa siku za mvua au siku za ukungu?" Akafikiri kidogo, akasema, "Za ukungu, fundi. Mvua ikinyesha halibadiliki."

Hilo jibu lilitosha. Miaka mingi ya moshi kupita kwenye dohani isiyo na bitana huacha chumvi na lami ndani ya mawe na plasta. Chumvi hizo huvuta unyevu wa hewani. Ukipaka rangi ya kuzuia maji juu yake, unalisukuma doa litokee sentimita thelathini pembeni. Tiba ni kubandua plasta yote ya eneo hilo na kuvuka ukingo wa doa kwa angalau sentimita 30, kuuacha ukuta ukauke wiki kadhaa, kuweka bitana ndani ya dohani ili chumvi mpya isije, kisha kupiga plasta ya chokaa. Ni kazi ya vumbi, na hakuna mwenye nyumba anayeifurahia.

Kama huna hakika, bandika foili ya jikoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, uiache siku mbili. Umande ukiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya chumba. Ukiwa nyuma ya foili, unatoka ukutani.

Nisafishe dohani lini? Kila mtu husema Juni, kabla ya baridi.

Mimi nasema Septemba, na hapa nabishana hata na mafundi wenzangu.

Bitana haiharibiki sana wakati moto unawaka. Inaharibika miezi ile ambayo humkumbuki hata mtoto aliyewahi kuota moto hapo. Ukimaliza msimu wa baridi na kuyaacha masizi, vuli inayakuta, yanalowa, na asidi inafanya kazi yake polepole Oktoba, Novemba, Desemba, halafu masika yanaongezea Aprili. Ukija kuwasha Juni, uharibifu umeshafanyika, na kusafisha wakati huo ni kufagia makaburi. Nimekuta paipu za stenlesi zenye vitobo vidogo kama vya sindano katika nyumba zinazowasha moto wiki sita tu kwa mwaka. Jirani anayewasha kuanzia Mei hadi Septemba na kusafisha mara moja akimaliza, paipu yake bado inang'aa.

Kwa hiyo Septemba safisha na utengeneze. Juni tazama tu kama ndege wamejenga kiota. Faida nyingine: Septemba mafundi hawana foleni, na bei inazungumzika.

Naweza kusafisha mwenyewe?

Masizi makavu ya unga unaweza, ukiwa na brashi ya saizi ya dohani yako na fimbo za kuunganisha. Ziba mdomo wa meko kwa shuka kuukuu lenye maji, vaa barakoa, na hesabu fimbo zinazoingia na zinazotoka. Kwa vigae vya udongo tumia brashi ya waya au ya nailoni ngumu. Kwa stenlesi tumia ya nailoni tu, kwa sababu waya wa chuma cha kawaida huikwaruza na kuiachia kutu.

Ile njia ya kufunga matawi na jiwe kwenye kamba na kulivuta juu chini, achana nayo. Jiwe hilo limevunja vigae vingi kuliko radi.

Ukikuta kitu cheusi kinachong'aa kama lami ya barabara iliyoganda, acha kabisa. Hicho ndicho kreosoti iliyokomaa. Brashi haiibandui, na ndiyo inayoshika moto.

Kuni gani ni nzuri?

Zilizokauka. Aina ya mti inakuja baadaye sana. Unyevu usizidi asilimia 20, na kuni zilizokatwa leo zinaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Nunua za mkaratusi au mwati wakati wa kiangazi cha Januari, zipasue, uzipange chini ya mabati pembe zikiwa wazi upepo upite, na hadi Julai zitakuwa zimekaribia. Gonga vipande viwili: vikavu vinalia kama vikombe, vibichi vinatoa sauti ya kifua chenye mafua. Saiprasi inawaka haraka na kurusha cheche, nzuri kwa kuwashia tu.

Mbao zilizopakwa rangi au dawa, pakiti za maziwa na chupa za plastiki zisiguse meko. Klorini iliyomo kwenye baadhi ya plastiki inakula hata stenlesi.

Vigae vya udongo vimepasuka. Vitengenezwe au vitolewe?

Inategemea mpasuko uko wapi na umekaaje. Ufa mwembamba wa wima katika kigae kimoja karibu na meko unaweza kuzibwa kwa saruji ya kustahimili moto. Maungio yaliyofunguka huweza kujazwa kwa kuvuta plagi ya sifongo yenye mchanganyiko huo kutoka chini kwenda juu. Kigae kilichokosa kipande, au vitatu vinne vilivyohama mstari, hapo usipoteze pesa kwa viraka. Ingiza paipu ya stenlesi katikati ya vigae kama nafasi inatosha.

Kuna kosa la kale ambalo nakutana nalo mara nyingi: vigae viliwekwa kichwa chini. Kila kigae kina upande wenye kikombe, na kikombe kinatakiwa kutazama juu, ili jasho linaloteremka libaki ndani ya mfereji. Kikiwekwa kinyume, maji yanatoka kwenye kila ungio na kuingia ukutani. Hata paipu za stenlesi zinazopindika zina mshale unaoonyesha upande wa juu, kwa sababu hiyo hiyo.

Paipu iwe ya inchi ngapi?

Hapa nitajisema mwenyewe. Mwaka wangu wa tatu kazini niliweka paipu ya inchi 6 katika meko ya wazi kule Lang'ata. Ndiyo iliyokuwepo dukani, nikaona paipu ni paipu. Mzee mwenye nyumba akawasha moto mbele yangu, akavuta kiti. Moshi ukapanda, ukasita, ukageuka na kuja kutuamkia. Mzee hakupaza sauti. Alisema tu, "Fundi, umenijengea tanuri la kukausha samaki." Nilirudia kazi yote kwa pesa zangu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa meko ya wazi, eneo la mfereji liwe karibu moja ya kumi ya eneo la mdomo wa meko. Mdomo wa yule mzee ulikuwa sentimita 90 kwa 75, yaani sentimita za mraba 6,750. Moja ya kumi ni 675, na mduara wa eneo hilo una kipenyo cha sentimita 29 hivi, karibu inchi 12. Paipu ya inchi 6 ina sentimita za mraba 182, kama robo tu ya inayohitajika. Dohani fupi, chini ya mita nne na nusu, inataka zaidi kidogo, moja ya nane.

Tena tuko juu. Shinikizo la hewa Nairobi ni pungufu ya lile la Mombasa kwa kati ya asilimia 15 na 20, na dohani huvuta kwa tofauti ya uzito kati ya hewa ya moto na ya baridi. Hewa ikiwa nyepesi, mvuto unapungua. Ukiwa kati ya saizi mbili, chukua kubwa.

Paipu ya inchi 6 ina mahali pake: jiko la chuma lenye mlango. Watu wengi wenye dohani nyembamba wanaishia hapo, na hawajuti, kwa sababu jiko hilo linatumia kuni chache na kupasha chumba vizuri zaidi.

Paipu ya mabati haitoshi? Ni rahisi mno.

Haitoshi. Zinki haipendi asidi ya masizi, na paipu ikitoboka ndani ya ukuta hutaiona. Dai stenlesi ya daraja la 316. Ile ya 304, ambayo ndiyo ya masufuria mengi, inastahimili kidogo tu. Nafasi kati ya paipu na ukuta ijazwe vamikulaiti, ile ile wanayouziwa wenye vitalu vya miche. Inaufanya moshi ubaki na joto, na moshi wenye joto hauachi lami.

Simiti au chokaa?

Kwa dohani ya mawe iliyojengwa kwa chokaa, rudisha chokaa: moja kwa mchanga tatu. Simiti tupu ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, hivyo maji yanakosa pa kutokea kwenye ungio, yanatokea kwenye jiwe, na jiwe linaanza kumenyeka uso. Nimeona dohani za miaka themanini zilizoharibiwa na ukarabati wa miaka mitano. Kwa taji la juu, linalopigwa na mvua zaidi, natumia simiti moja, chokaa moja, mchanga sita, lenye mteremko, na ukingo uliotokeza nje ili maji yadondoke bila kutambaa ukutani.

Pale dohani inapotoka kwenye paa, kagua flashingi, yaani bati linaloziba ungio la dohani na paa. Lami ya kopo iliyopakwa juu ya vigae vya paa ni ya kukusogeza hadi mwezi ujao tu. Na dohani yenyewe iinuke angalau sentimita 90 kutoka inapotokeza, na sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu, la sivyo upepo wa Ngong utakurudishia moshi.

Nyuki wameingia kwenye dohani. Niwashe moto?

Hapana, tafadhali. Nta itayeyuka, iteremke na kuwaka, na asali itapaka ukuta doa ambalo hata mimi sitaliondoa. Tafuta mrina asali aje jioni. Masega yote yatoke, kwa maana yakibaki kundi lingine litanusa na kuja. Baadaye weka kofia yenye wavu. Dohani inayotumika inataka wavu wa matundu ya sentimita moja na nusu hadi mbili. Mdogo zaidi unazibwa na masizi. Wavu huo unazuia kunguru, bundi na kima wa Karen. Nyuki hauwazuii. Kwa nyuki dawa ni ukaguzi.

Nikiwasha meko ya sebuleni, nanusa moshi chumba cha kulala. Ni kawaida?

Si kawaida, na usiwashe tena leo. Bangalo nyingi za zamani zina meko mawili yaliyopeana mgongo, yakitumia dohani moja yenye mifereji miwili. Ukuta mwembamba wa kati ukibomoka, moshi wa sebule unashukia chumbani. Unaweza kujipima kwa ubani: uteketeze kwenye meko ya sebuleni bila moto mwingine, mtu mwingine asimame chumbani. Harufu ikimfikia, mna tundu. Ukosefu wa harufu haumaanishi mko salama.

Kinachotisha ni monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa ndani ya nyumba moja si "homa ya baridi". Tokeni nje kwanza, kisha mtafute daktari. Kengele ya kutambua gesi hii inafaa kuwa kwenye kila chumba chenye meko na kila chumba cha kulala kinachopakana nacho.

Swali dada yake: makaa badala ya kuni? Makaa hayatoi moshi unaoonekana, ndiyo maana yanawadanganya watu. Monoksidi yake ni nyingi kuliko ya kuni. Yanahitaji dohani inayovuta vizuri vile vile, na jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala hata kwa nusu saa.

Nitajuaje dohani imeshika moto?

Utasikia mngurumo kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza, na juu cheche zinaruka. Toa watu, funga mlango wa chumba, piga 999 au 112. Kama ni jiko la chuma, funga matundu yake ya hewa. Usimwage maji kwenye meko, vigae vyenye joto hilo vitapasuka vyote. Hata ukizimika wenyewe, usiwashe tena mpaka kamera ipite.

Kuna paipu ya kijivu kama ya saruji kwenye dohani yangu. Ni nini?

Huenda ni asbesto, ile yenye nyuzi zinazodhuru mapafu. Usiikate, usiitoboe, usiipige brashi. Inatolewa na watu wenye leseni ya taka hatari kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira, si na fundi wa mtaani, nikiwemo mimi.

Sitaki tena moto. Nizibe dohani kabisa?

Ziba juu kwa kofia inayopitisha hewa pembeni, na chini acha tundu lenye wavu la ukubwa wa tofali moja. Safisha masizi yote kwanza. Waliopiga simiti juu na chini wananiita baada ya masika mbili hivi, na doa huwa limeshafika dari.